Je, Wajua? Usiutupe Mlango wa Zamani!

Sakafu umebadilisha, taa umeweka mpya, na sasa macho yametua kwenye milango ya vyumbani: mizito, ya mbao, ya enzi za babu. Kuna aliyekushauri uing'oe yote ununue mipya. Ngoja kwanza, ndugu msomaji! Sogea hapa karibu nikumwagie mambo ya mlango, kisha uamue mwenyewe.

Mlango una historia, sikia hii

Je, wajua kuwa mwaka 2010, wanaakiolojia waliokuwa wakichimba palipokuwa pakijengwa maegesho ya magari mjini Zürich, Uswisi, walikuta mlango wa mbao uliotengenezwa takriban mwaka 3063 kabla ya Kristo? Una zaidi ya miaka 5,000! Kimo chake ni sentimeta 153 tu, kwa hiyo wengi wetu tungeingia tumeinama.

Umeiona ile milango ya kukunja kwenye nyumba za kisasa? Warumi walikuwa nayo! Huko Herculaneum, Italia, mlima Vesuvius ulilipuka mwaka 79 na kufukia nyumba yenye milango ya ndani ya mbao, ya kukunja, iliyotenga ukumbi na chumba cha mwenye nyumba. Joto liliigeuza mbao kuwa mkaa, na mkaa huo umesimama palepale mpaka leo.

Na hii je? Ndani ya kanisa la Westminster Abbey, London, kuna mlango wa mwaloni ambao mti wake ulikatwa kati ya mwaka 1032 na 1064. Wataalamu waliligundua hilo mwaka 2005 kwa kuhesabu pete za mbao. Mwanzoni mlango ulikuwa mrefu karibu mita 2.7, wakaupunguza ukatosha mahali papya, na mpaka leo upo. Unaona? Kuutengeneza mlango wa zamani si jambo la juzi!

Mlango mweusi wa nambari 10 Downing Street, makao rasmi ya waziri mkuu wa Uingereza, unaujua? Zamani ulikuwa wa mwaloni. Baada ya shambulio la mabomu mwaka 1991, mahali pake pakawekwa wa chuma usiopenywa na bomu, wenye sura ileile. Tena nje hauna kitasa cha kufungulia: lazima aliye ndani akufungulie.

Tuje pwani yetu

Je, wajua kuwa mlango wa jadi wa Mswahili una jinsia? Kipande kimoja huitwa mlango dume, cha pili mlango jike. Katikati husimama mfaa, ule ubao mwembamba wenye nakshi unaofunika mwanya pale vipande viwili vinapokutana.

Ukipita Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, tazama juu ya mlango kwanza. Juu pakiwa pamenyooka, mtindo ni wa Kiomani. Pakiwa na tao la nusu duara, umetazama mkono wa mafundi wa Kihindi. Sasa umekuwa mtaalamu kwa sekunde tatu!

Ile misumari mikubwa ya shaba yenye ncha unaijua? Asili yake ni Bara Hindi, ambako husimuliwa kuwa iliwazuia ndovu wa vita wasivunje milango kwa vichwa. Zanzibar haikuwa na ndovu wa vita hata mmoja, lakini misumari ikapendwa kwa uzuri wake tu!

Na bawaba, je? Milango mingi ya zamani ya pwani haikuwa na bawaba za chuma kabisa. Ncha za ubao wa pembeni zilichongwa duara, moja ikakaa kwenye tundu la kizingiti cha chini na nyingine kwenye tundu la juu, na mlango mzima ukazunguka juu ya mbao yenyewe. Leo wabunifu wa Ulaya huuza milango ya kuzunguka kwa ncha kwa bei ya kutisha, na kuiita ya kisasa!

Zanzibar kuna mlango wa nakshi wenye tarehe ya mwaka 1694, uliohifadhiwa kwenye makumbusho. Umewapita masultani wote waliotawala pale! Na si huo tu: milango mingi ya nakshi ina mwaka wa Hijria uliochongwa juu, kwa hiyo ukijua tarakimu za Kiarabu unausoma umri wake palepale barabarani.

Lamu nako wana lao. Katika nyumba za mawe za karne ya 18, vyumba vingi vya ndani vilitengwa kwa mapazia badala ya milango. Upana wa chumba nao uliamuliwa na boriti za mikoko, kwa hiyo vyumba vilikuwa vyembamba, kama mita 3 tu. Pazia halili nafasi. Werevu ulioje!

Mbao ina mambo yake

Je, wajua kwa nini mlango hukwama masika na kulegea kiangazi? Mbao hunywa unyevu wa hewani na kutanuka, lakini kwa upana tu! Kwa urefu karibu haisogei: hata mbao mbichi ikikauka kabisa, urefu hupungua kwa takriban asilimia 0.1 hadi 0.2. Basi usikimbilie kuupiga randa mwezi wa Aprili. Ukifika Agosti utabaki na mwanya.

Sasa utapenda hili. Mlango wa paneli ulibuniwa kumaliza tatizo hilohilo! Zile paneli za katikati hazigandishwi kwa gundi. Zimekaa kwenye mifereji ya fremu zikiwa huru, zitanuke na kusinyaa zitakavyo bila kupasua mlango. Fundi akikuambia "tuzimiminie gundi zisitikisike", mshike mkono!

Ndiyo maana mlango wa paneli uliopakwa rangi hutoa mstari wa mbao tupu pembeni mwa paneli wakati wa kiangazi. Si kasoro, ni paneli imesinyaa ikavuta ukingo wake nje. Dawa yake ni rahisi: hewa inapokuwa kavu, paka rangi ule ukingo uliojitokeza.

Panda kiti, pitisha kidole juu kabisa ya mlango wako. Pako kavu, bila rangi? Hapo ndipo unapougua! Ncha za mbao, pale nyuzi zilipokatwa, hunywa maji kwa kasi zaidi ya mara 10 kuliko ubavuni. Ukipaka rangi pande mbili ukasahau ncha za juu na chini, umefunga madirisha ukaacha paa wazi.

Ukiukata mninga, hutoa utomvu mwekundu mfano wa damu! Tena mbao yake ikishakauka husinyaa kidogo mno, ndiyo maana maseremala huipenda kwa milango. Mti mmoja unaweza kuhitaji karibu miaka 100 kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Je, mlango wako ni wa mninga? Basi una mti uliozaliwa kabla ya bibi yako!

Mchwa wanakusumbua? Msaji una mafuta ya asili ndani ya moyo wake ambayo mchwa hawayapendi. Tanzania huupanda kwenye mashamba ya serikali kama Longuza, Muheza, na Mtibwa, Morogoro. Mlango wa zamani wa msaji ukikwanguliwa rangi, chini yake huwa kuna dhahabu ya kahawia inayokusubiri.

Tupige mizani kidogo. Mlango wa mninga mtupu wa sentimeta 203 kwa 80, unene sentimeta 4, hukaribia kilo 40. Mlango mwepesi wa dukani wa ukubwa huohuo mara nyingi hauzidi kilo 15. Ufungue tumbo lake: ni boksi tupu lililokunjwakunjwa, katikati ya mbao mbili nyembamba!

Na karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni, ambayo mti uliivuta kutoka hewani. Mlango wa kilo 40 umeshika karibu kilo 18 za kaboni! Ukiuchoma, yote inarudi angani siku hiyohiyo. Ukiutunza, inakaa nyumbani kwako.

Nafasi, nafasi, nafasi!

Je, wajua mlango wa sentimeta 80 hula nusu mita ya mraba kila unapofunguka? Ile robo duara ya sakafuni huwezi kuweka hata kiti. Nyumba yenye milango 7 hupoteza mita 3.5 za mraba, na hicho ni choo kizima!

Dawa ipo: ushushe mlango uleule wa zamani kwenye bawaba, uutundike kwenye reli ya chuma juu ya ukuta, uteleze pembeni. Nakshi zinabaki, sakafu inarudi. Ila ujue, mlango wa reli huacha mwanya pande zote, kwa hiyo usiuweke chooni!

Wajapani walilimaliza hili karne nyingi zilizopita. Milango yao ya fusuma, yenye upana wa sentimeta 90 na kimo cha 180, huteleza kwenye mifereji ya mbao. Wageni wakijaa, wanainyanyua na kuitoa kabisa, na vyumba vitatu vinakuwa ukumbi mmoja kwa dakika chache!

Wajapani haohao wana mlango wa shoji, wa vijiti vya mbao na karatasi. Mwanga unapita, macho hayapiti. Kwa desturi karatasi hubandikwa upya mwisho wa mwaka, na nyumba nzima ikang'aa bila ndoo ya rangi.

Waholanzi wa karne ya 17 waliukata mlango wao katikati, nusu ya juu na nusu ya chini. Juu wazi, hewa inaingia. Chini kumefungwa, mifugo inabaki nje na watoto ndani! Mlango wako wa jikoni ungependeza hivyo, au siyo?

Mlango wa siri je, uliofichwa ukutani? Katika jumba la Versailles, Ufaransa, malkia Marie Antoinette alikuwa nao chumbani kwake, umefunikwa kwa pambo lilelile la ukuta. Tarehe 6 Oktoba 1789 umati ulipovamia jumba, akachomokea hapo. Leo mafundi huuza mlango wa namna hiyo kuficha stoo!

Unataka milango mirefu ya sentimeta 240, ya kisasa? Sultan Kösen wa Uturuki, mwenye kimo cha sentimeta 251, bado ataigonga! Mlango wa kawaida wa sentimeta 203 humlazimu kuinama karibu nusu mita. Sisi wengine tumshukuru Mungu tunapita.

Bibi anatumia kiti cha magurudumu? Kanuni za Marekani zinataka njia ya wazi ya angalau sentimeta 81.5 mlangoni. Usivunje ukuta bado! Kuna bawaba zilizopinda zinazouondoa mlango wote njiani ukifunguka, zikakuongezea kama sentimeta 4 au 5. Bawaba tu!

Mkono, kitasa na bawaba

Fanya jaribio sasa hivi. Sukuma mlango kwa kidole pale kwenye kishikio, kisha usukume katikati. Katikati unatumia nguvu mara mbili! Ndiyo maana kishikio hukaa mbali na bawaba kadiri inavyowezekana.

Je, wajua kuna mji uliopiga marufuku vishikio vya mviringo? Vancouver, Kanada! Tangu Machi 2014, nyumba mpya za huko hutakiwa ziwe na vishikio virefu vya kubonyeza, kwa sababu mzee mwenye vidole vinavyouma hawezi kuzungusha duara. Cha kubonyeza unakifungua hata kwa kiwiko, mikono ikiwa imejaa vyombo.

Kitasa cha shaba ni daktari! Mwaka 2008 shirika la mazingira la Marekani liliidhinisha itangazwe kuwa aloi za shaba huua zaidi ya asilimia 99.9 ya bakteria kadhaa ndani ya saa 2. Ila kikipakwa vanishi ya kung'arisha, kazi hiyo imekwisha. Vishikio vya babu vilivyofifia usivitupe, visugue tu!

Ufunguo wako bapa wenye meno, wa mtindo wa Yale, Linus Yale alipata hataza yake mwaka 1861. Lakini siri ya ndani, vile vipini vidogo vinavyoinuliwa na meno, Wamisri wa kale walikuwa nayo miaka elfu kadhaa kabla yake. Kitasa chao kilikuwa cha mbao!

Mlango umeinama, unakwaruza sakafu? Tazama bawaba ya juu kwanza. Uzito wa mlango huivuta ya juu itoke ukutani na kuisukuma ya chini iingie, kwa hiyo skrubu za juu ndizo hulegea mapema. Mara nyingi hutahitaji randa.

Na tundu la skrubu likiwa limepanuka? Jaza njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa pamoja na gundi ya mbao, subiri ikauke, rudisha skrubu. Inashika tena, na umetumia kiberiti kimoja!

Mlango unalia usiku na kumwamsha mtoto? Chomoa pini ya bawaba, isugue kwa mshumaa, irudishe. Ukingo unaokwama kidogo, upitishie kipande kikavu cha sabuni ya mche. Kimya!

Kelele, moto na kusahau

Je, wajua mwanya wa sentimeta 2 chini ya mlango wa mita 2 ni asilimia 1 tu ya eneo lake, lakini unaharibu kila kitu? Hata mlango ungekuwa wa zege, kwa mwanya huo hutazuia zaidi ya desibeli 20. Kabla ya kununua mlango wa kuzuia kelele, weka mpira wa kuziba chini ya huo ulionao!

Hili likumbuke usiku wa leo. Majaribio ya moto ya watafiti wa UL, Marekani, yalionyesha chumba kilichofungwa mlango kikibaki chini ya nyuzi joto 40, huku chumba cha mlango wazi kikipita nyuzi 500. Nyumba ileile, moto uleule! Funga milango kabla ya kulala.

Mlango wa choo unafunguka kuelekea ndani? Mtu akianguka mle, mwili wake huuzuia na hakuna awezaye kumfikia. Fundi akigeuza bawaba ufunguke nje, hiyo ni kazi ya asubuhi moja, na nafasi ya ndani inaongezeka pia!

Umewahi kuingia chumbani ukasahau ulichofuata? Si uzee! Mwaka 2011 Gabriel Radvansky wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, alionyesha kuwa kuvuka mlango kwenyewe kunasahaulisha. Ubongo huyafunga ya chumba cha nyuma na kuanza ukurasa mpya.

Rangi na mwanga

Korido yako ni giza? Rangi nyeupe safi hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga, na nyeusi hurudisha karibu asilimia 5 tu. Milango minne myeupe kwenye korido fupi, na huenda mchana usiwashe taa!

Au toa paneli za juu, weka kioo. Kioo kilichokomazwa kwa moto kiwandani huwa na nguvu karibu mara 4 ya kioo cha kawaida, na kikivunjika hutoa punje butu badala ya visu. Ila pima vizuri kabla ya kuagiza: kikishakomazwa hakikatwi tena, kitapasuka chote!

Usiguse msasa kabla hujasikia hili! Rangi za zamani nyingi zilikuwa na risasi, na Marekani iliipiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Lowesha kwanza ndipo ukwangue, vaa barakoa, watoto wapelekwe kwa shangazi.

Lile tundu la hewa juu ya mlango wa zamani, lenye nakshi au vijiti, usilizibe! Hewa ya moto hupanda juu na kutokea hapohapo, hata mlango ukiwa umefungwa. Hiyo ni feni isiyotumia umeme, na bili yake ni sifuri.

Mwisho, nenda na hesabu hii dukani. Lita 1 ya rangi hufunika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, na mlango mmoja, mbele na nyuma, ni mita 3.25 tu. Lita moja, milango mitatu! Jumamosi hii mwite seremala akaze bawaba za juu, wewe paka rangi, na usisahau ncha ya juu na ya chini.